Amri Husikika, Maana Huonekana



Katika mwaka wa 6 Hijria Waislamu wapatao 1,400 walitoka Madina, nia yao kufanya Umra. Wakazuiliwa Hudaybiya. Ukaandikwa mkataba na Suhayl bin Amr kwa niaba ya Makureshi: vita visimame miaka 10, na Waislamu warudi kwao mwaka ule bila ya kuizuru Al-Kaaba. Masahaba walihuzunika mno. Mtume (s.a.w.) akawaamrisha wachinje wanyama wao na wanyoe, hakuinuka hata mmoja. Akakariri mara tatu.

Hawa hawakuwa waasi. Punde tu walikuwa wamefunga naye ahadi ya utiifu chini ya mti. Lililowazuia ni kuwa amri waliisikia, ila maana yake hawakuiona: kunyoa palepale kwao kulikuwa ni kukiri kwamba safari imevunjika.

Mtume (s.a.w.) akaingia kwa mkewe, Bibi Ummu Salama (r.a.), akamweleza yaliyomkuta. Bibi akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake, kisha amwite kinyozi amnyoe. Akafanya hivyo. Walipomwona wakainuka, wakachinja na wakanyoana wao kwa wao. Njiani wakirudi ikateremka Suratul Fat-h, iliyouita mkataba ule ushindi. Na mwaka wa 8 Makka ikafunguliwa.

Wataalamu wa mashirika wa zama zetu wamefikia hoja iliyo karibu na hii. Mwaka 1982 Linda Smircich na Gareth Morgan waliandika kuwa uongozi ni kuisimamia maana, yaani kuwawezesha watu kuifahamu hali yao kwa namna moja ili watende pamoja.

Kisa hiki sisi tulikisoma chuoni tungali wadogo, lakini tulichelewa kukielewa. Tukiwa katika kamati ya madrasa moja, tuliongeza ada ili tujenge darasa, tukatangaza, tukangoja. Fedha hazikuja. Tukawalaumu kina mama kuwa hawaijali dini. Mwisho mama mmoja mtu mzima akatwambia: "Sheikh, mumetutajia kiasi, sababu hamkututajia. Sisi twadhani mwajenga afisi."

Darasa lile lilikusudiwa wasichana, waliokuwa wakisoma uani, juani. Hatukuwa tumelisema hilo hata siku moja! Tukawaita wazazi, tukawaonyesha wakaapo binti zao, na kila mwanakamati akatoa mchango wake mbele yao. Jengo halikumalizika mwaka ule, lakini lawama zilikoma, na kina mama wawili wakaingia katika kamati.

Basi aongozaye chama cha akiba, shule au nyumba yake, akiona watu wamekaa kimya baada ya amri, asifanye haraka kuwahukumu. Na ajiulize kwanza kama wanakijua wanachokijenga, kama wamemwona yeye akitangulia kukifanya, na kama yuko mwenye rai ya Ummu Salama ambaye bado hajamsikiliza.

Wallahu aalam.