Buibui Mla Mbu wa Ziwa Letu

Sisi wa Bukoba na Muleba twaijua malaria majumbani mwetu. Je, mwajua kuwa kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, yupo buibui mdogo apendaye kula mbu aliyeshiba damu?

Mwaka 2003 wataalamu wawili, Wanda Wesołowska wa Poland na Robert Jackson wa New Zealand, walimlinganisha na jamaa zake, wakaona ni aina ya pekee. Wakamwita Evarcha culicivora, yaani mla mbu. Hategi kwa utando. Ana macho manane, humnyemelea mbu na kumrukia. Mwaka 2005 utafiti ulionyesha kuwa humchagua hasa mbu aliyenyonya damu. Yeye mwenyewe hanyonyi watu.

Sura ya 29 ya Qur'ani Tukufu imepewa jina la buibui. Basi tusimponde ovyo kiumbe huyu wa Mola. Lakini hatoshi kutukinga: tulale ndani ya chandarua, na homa ikitushika tuwahi zahanati tupimwe. Kumtegemea Allah huenda pamoja na kushika sababu. Wabillahi tawfiq.