Faranga: jina moja, pesa tatu

Ukiishi kwenye makazi yenye watu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, neno "faranga" utalisikia kila siku, kana kwamba ni pesa moja. Sivyo. Kila nchi kati ya hizo ina faranga yake, na thamani zake hazilingani. Usipouliza ni faranga ya wapi, unaweza kupata hasara.

Jina limetoka wapi?

Limetoka Ufaransa. Mwaka 1356 mfalme Jean wa Pili alitekwa na Waingereza vitani. Aliachiliwa mwaka 1360 kwa sharti la kulipiwa fidia kubwa, na mwaka huohuo ikatolewa sarafu ya dhahabu iliyoitwa "franc". Jina hilo lina maelezo mawili:

- Wafaranki. Maandishi ya Kilatini kwenye sarafu yalimtaja mfalme wa Wafaranki, watu walioipa Ufaransa jina lake. Mji wa Frankfurt, Ujerumani, nao una jina lao: maana yake ni kivuko cha Wafaranki.
- Uhuru. Kwa Kifaransa, "franc" pia ni "huru", na sarafu ilihusu kumkomboa mfalme. Ndiyo maana miji kadhaa ya Ufaransa inaitwa Villefranche, yaani mji huru: wakazi wake walisamehewa baadhi ya kodi.

Ilifikaje kwetu?

Wabelgiji waliileta Kongo, kisha Ruanda-Urundi. Baada ya uhuru, Rwanda na Burundi zilitumia faranga moja hadi mwaka 1964, kila nchi ilipotoa yake. Kongo iliacha faranga mwaka 1967 ikatumia zaire, kisha ikairudia mwaka 1998. Ufaransa na Ubelgiji zenyewe sasa zinatumia yuro.

Ukibadilisha au ukitumiwa pesa

- Uliza kwanza: "Faranga za wapi?" Kwa Kirundi na Kinyarwanda, "amafaranga" ni pesa yoyote, hata shilingi.
- Angalia herufi kwenye risiti au ujumbe wa simu: CDF ni Kongo, BIF ni Burundi, RWF ni Rwanda.
- Soma jina la nchi kwenye noti.
- Uliza bei kwa wabadilishaji wawili au watatu, na uhesabu pesa zako kabla ya kuondoka.