Lumbalumba, Mawese na Afya ya Ubongo

Mapishi ya Kibombo, mji wa Maniema ulio kwenye reli ya kutoka Kindu hadi Kongolo, hayatofautiani sana na ya sehemu nyingine za mashariki ya Kongo, kwani ndani yake mna sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, pamoja na mawese, vitunguu na pilipili. Na Wakongo wengi hutia samaki lumbalumba, jani la harufu kali lililo ndugu wa mrehani na kivumbasi. Majani ya namna hii yana antioksidanti, na kwa sababu hiyo husifiwa kuwa hulinda akili isichakae.

Ubongo, ambao ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote mtu anapokuwa ametulia, na katika matumizi hayo huzaliwa radikali huru, yaani molekuli zilizopungukiwa na elektroni ambazo huzinyang'anya molekuli jirani na kuziharibu. Ubongo una mafuta mengi, na mafuta huathirika upesi, kwa kemia inayokaribiana na ile inayoyafanya mawese yaliyoachwa wazi yanuke. Antioksidanti ni kemikali inayotoa elektroni yake ili unyang'anyi huo ukome. Katika jamii ya mrehani hupatikana eugenoli, iliyomo pia katika karafuu ya Unguja na Pemba, na asidi ya rosmarini, ambayo Waitalia waliitenga mwaka 1958.

Lakini kinachotendeka ndani ya chupa ya maabara si lazima kitendeke kichwani, kwa sababu kemikali hizo hubadilishwa na utumbo na ini, kisha hukutana na kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa orodha yake ya nguvu za antioksidanti za vyakula, kwa kuwa vipimo hivyo havikuonyesha faida mwilini na wafanyabiashara walikuwa wakivitumia vibaya. Kabla ya hapo, mwaka 2005, vitamini E, antioksidanti mashuhuri, ilishindwa kuwazuia wazee waliokuwa na udhaifu wa kumbukumbu wasipatwe na ugonjwa wa Alzheimer. Lumbalumba basi ni kiungo kizuri, wala haijastahili kuitwa dawa.

Mawese mekundu nayo yana antioksidanti, yaani karotini nyingi inayoyapa rangi, ambayo hupotea mafuta yakichomwa hadi yakawa meupe. Hata hivyo, jambo lililothibitika zaidi kuhusu chungu cha Kongo na mishipa ya fahamu halihusu harufu wala rangi: ni konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla, ulioelezwa na daktari Trolli huko Kwango mwaka 1938, ambao huwapata watu wenye upungufu wa protini wanaokula muhogo mchungu wenye sayanidi. Kutwanga majani ya sombe na kuyachemsha vizuri huiondoa sumu hiyo kwa sehemu kubwa, na mizizi michungu huhitaji kulowekwa majini siku 3 au zaidi.