Nguo Inayokua Pamoja na Mtoto

Amesimulia Ummu Khalid bint Khalid (r.a.), na habari yake imo katika Sahihi ya Imamu Bukhari, kwamba siku moja Mtume (s.a.w.) aliletewa nguo, na miongoni mwake kilikuwamo kivazi kidogo cheusi chenye nakshi. Akawauliza waliohudhuria ni nani anayefaa kuvikwa kivazi hicho. Watu wakanyamaza. Akaagiza aletwe Ummu Khalid, naye akaletwa akiwa amebebwa kwa udogo wake. Mtume (s.a.w.) akamvika kwa mkono wake mwenyewe, akamuombea akivae mpaka kichakae. Kisha akawa anaitazama ile nakshi na kumuonyesha mtoto, akiisifu kwa neno la Kihabeshi lenye maana ya uzuri, kwa kuwa binti huyo alizaliwa Uhabeshi wazazi wake walipohamia huko kwa ajili ya dini yao.

Wanazuoni wameeleza kuwa dua ile ilikuwa ya kuombewa umri mrefu, na wapokezi wametaja kwamba bibi huyo aliishi miaka mingi. Lakini ndani ya habari hii fupi mna funzo jingine, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu juma hili. Mtume wa Mwenyezi Mungu, pamoja na mizigo yote ya umma aliyoibeba, hakuona kuwa nguo ya mtoto ni jambo dogo. Aliifurahia pamoja na mwenyewe, akaiombea ichakae mwilini mwake.

Tujiulize basi, katika nyumba zetu za leo ni nguo ngapi za watoto zinazochakaa mwilini? Gauni la Idi huvaliwa mara mbili au tatu, likarudi sandukuni, na Idi ya pili likitolewa halipiti mabegani. Kanzu ya kijana bado nyeupe, lakini imepanda juu ya vifundo vya miguu kwa kiasi ambacho mwenyewe anaona haya kuivaa. Nguo ni nzima, mtoto ameikimbia. Baba huingia tena dukani, na aghalabu huingia na deni. Tatizo hili mara nyingi halitokani na kitambaa wala na mtoto. Linatokana na mshono usioachiwa nafasi ya kukua.

Mtoto anavyokua

Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa takriban sentimita 50. Atimizapo mwaka mmoja huwa amefikia kama sentimita 75, na uzito wake umekuwa takriban mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Mwaka wa pili huongeza sentimita 12 hivi, na baada ya hapo huenda akiongeza kati ya sentimita 6 na 8 kwa mwaka mpaka akaribie umri wa kuanza shule. Hivyo ndivyo alivyojaalia Muumba.

Mama mwenye jicho la kushona ataona jambo moja katika hesabu hizo. Baada ya umri wa miaka miwili, kifua cha mtoto hupanuka polepole sana kuliko urefu wake. Nguo zake, kwa hiyo, huisha urefu kabla ya kuisha upana. Atakayeweka akiba ya kitambaa chini, na kulegeza kidogo kifuani, atakuwa amemshonea mtoto nguo ya miaka miwili au mitatu kwa gharama ya nguo moja.

Akiba ya pindo

Njia ya kwanza ni pindo pana. Nguo nyingi za dukani hukunjwa pindo la sentimita 2 tu, kwa kuwa mwenye kiwanda huhesabu kila kipande cha kitambaa. Wewe unayeshona nyumbani, au unayempelekea fundi kitambaa chako, acha sentimita 6 au 8, na pindo hilo lishonwe kwa mkono kwa mishono ya mbalimbali, ili likifumuliwa lisiache matundu. Kanzu ya kijana nayo iachiwe vivyo hivyo chini na kwenye ncha za mikono.

Njia ya pili ni makunjo ya akiba. Juu kidogo ya pindo, kunja kitambaa kuizunguka nguo nzima, ushone kunjo hilo kama pambo. Kunjo la sentimita 2 limeficha kitambaa cha sentimita 4. Ukiweka makunjo mawili umeficha sentimita 8, na mtazamaji haoni ila mistari miwili mizuri katika gauni la binti. Mwaka unaofuata fumua moja, mwaka wa pili fumua la pili. Ikiwa mstari wa kunjo la zamani umebaki ukionekana, upitishie utepe au mshono wa rangi juu yake.

Kabla ya yote hayo, kitambaa cha pamba kifuliwe na kuanikwa kabla ya kukatwa. Pamba hujikusanya inapoonja maji mara ya kwanza, na aliyekata kabla ya kufua hushangaa nguo ilipotoka kwenye kamba imekuwa fupi. Tena kufua huko huondoa wanga na rangi iliyozidi, vitu viwili ambavyo ngozi laini ya mtoto haivihitaji.

Marinda yanayovutika

Njia ya tatu ni ya ufundi zaidi, na ndiyo inayowapendeza watoto wa kike. Uingereza ya karne ya 18 na ya 19, wakulima na wachungaji walivaa mavazi mapana ya kazi, ya kitani au pamba. Zama hizo mipira ya nguo haijaenea. Ili vazi limbane mtu kifuani bila ya kumzuia kunyanyua mikono, walikikusanya kitambaa kuwa vikunjo vyembamba vingi, wakavishona juu yake kwa uzi wa nakshi. Mshono huo huitwa smoki. Baadaye ukahamia katika nguo za watoto, na sababu yake ni dhahiri: hubana na kuachia pamoja na pumzi ya mtoto, na hupanuka kadiri kifua kinavyopanuka.

Namna yake ni hii. Chukua kitambaa chepesi cha pamba chenye upana wa mara tatu ya ule unaoutaka. Ikiwa sehemu ya mbele ya gauni itakuwa sentimita 26, anza na kitambaa cha sentimita 78. Upande wa ndani weka nukta kwa penseli katika mistari iliyonyooka, nukta na nukta zikiachana kwa kiasi cha sentimita moja au pungufu, na mstari na mstari vivyo hivyo. Piga bandi katika kila mstari, sindano ikidokoa kitambaa kidogo tu kwenye kila nukta. Kisha vuta nyuzi zote pamoja mpaka kitambaa kijikunje sawasawa, uzifunge. Geuza upande wa nje, ushone kwa uzi wa rangi, kila mshono ukishika ncha ya kikunjo kimoja na kukiunga na jirani yake. Usivute uzi kwa nguvu, kwani uzi uliokazwa huua ule uvutikaji unaoutafuta. Ukimaliza mistari yako, chomoa bandi zote. Kazi hii hufanywa kabla ya kuunganisha vipande vya nguo.

Ni kazi ya subira, na Pwani yetu si mgeni wa subira ya sindano. Kofia za viua ambazo Lamu imesifika nazo huzungushiwa uzi kwa mkono kitundu baada ya kitundu, na kofia moja huchukua wiki nyingi. Watu waliozoea kutunga kofia kwa hesabu kama hiyo hawatashindwa na vikunjo vya gauni la mtoto.

Sitara, tohara na usalama

Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratul Aaraf neema ya vazi linalositiri na kupamba, na katika Suratun Nahl vazi linalotukinga na joto. Joto letu la Pwani tunalijua. Mtoto aliyevikwa kitambaa kisichopitisha hewa hutokwa na vipele shingoni na kwapani, akalia usiku kucha, na mama akadhani ni jicho la mtu. Pamba nyepesi, poplini, bafta laini, au leso ya mama iliyokwisha kulainika kwa kufuliwa, ni stara na ni rehema.

Nguo ya mtoto pia hufuliwa mara nyingi kuliko nguo ya mtu mzima, kwa sababu ya tohara. Mama anayeswali akiwa amempakata mwanawe anajua hukumu zake: katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mkojo wa mtoto wa kiume ambaye bado hajaanza kula chakula hutosha kunyunyiziwa maji mpaka yakaenea mahali pake, na wa mtoto wa kike huoshwa. Kwa hivyo mshono uwe wa kuvumilia maji ya kila siku. Njia nzuri ni kushona mara mbili: kwanza upande wa ndani kwa ndani, ukapunguza ncha kwa mkasi, kisha ukageuza ndani na kushona tena, zile ncha zikabaki zimefungiwa. Nguo haitafumuka, na hakuna uzi mkavu utakaomkwaruza mtoto ubavuni.

Na usalama ni amana. Vifungo vidogo visiwekwe mahali ambapo mtoto mchanga anaweza kuvifikisha kinywani, na vikiwekwa vishonwe kwa uzi wa mikunjo miwili na kufungwa fundo imara. Kamba ndefu zisizungushwe shingoni, kwani zimeweza kunasa na kukaba. Pini na sindano zihesabiwe kabla ya kazi na baada yake. Sindano moja iliyopotea katika mkeka ni hatari kwa nyumba nzima.

Mikono ya nyumbani

Wapo wasemao kwamba leo nguo za mitumba na za dukani zimejaa, basi kushona kwa mkono ni kujitaabisha. Hatuharamishi mitumba wala duka, na riziki ya mfanyabiashara ni halali yake. Lakini binti asiyejua kushona kifungo, na kijana asiyejua kurudishia pindo lililofumuka, wamefanywa wategemezi katika jambo jepesi. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa juu ya maisha ya Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake, alitaja kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Basi sindano si aibu kwa mwanamume, na wavulana wetu wafundishwe pamoja na dada zao. Saa moja ya jioni baada ya madrasa, mara mbili kwa wiki, inatosha kumfundisha mtoto wa miaka tisa kupiga bandi iliyonyooka.

Ama kwa yule ampelekeaye fundi, amweleze mapema kuwa anataka pindo pana na makunjo, amletee kitambaa cha kutosha, na amlipe ujira wake bila ya kumzungusha. Kazi ya Idi isipelekwe usiku wa kuamkia Idi. Fundi aliyelemewa hukata pindo ili amalize.

Kuna haki ya mwisho. Nguo iliyoshonwa kwa akiba ikitoka kwa mtoto wa kwanza humfaa wa pili, na ikitoka kwa wa pili humfaa yatima au mtoto wa jirani. Katika Suratul Baqara tumekatazwa kukusudia kile kibaya, ambacho sisi wenyewe tungekipokea kwa kufumba macho, tukakifanya ndicho cha kutoa. Basi kabla ya kuitoa nguo, ifuliwe, kifungo kilichodondoka kirudishwe, pindo lirekebishwe kwa kimo cha yule atakayeivaa. Mtoto yatima hupima heshima tuliyompa kwa namna nguo inavyomkaa mwilini.

Enyi kina mama na kina baba, anzeni na nguo moja. Chagueni kitambaa cha pamba, kifueni, mpimeni mtoto akiwa amesimama wima, muongeze akiba kama tulivyoeleza. Atakapoivaa, aanze na mkono wa kulia na ataje jina la Mola wake, nanyi mumuombee aivae mpaka ichakae.

Mwenyezi Mungu awasitiri watoto wetu duniani na akhera, awape umri wenye twaa, na aibariki mikono inayowashonea. Amin.