Kutoka Darasani hadi Barazani: Umilisi wa Mawasiliano kwa Wanafunzi wa Kimarekani Wanaosoma Kiswahili Zanzibar

1.0 Utangulizi

Sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi, iliyopitishwa Marekani mwaka 1958, ilifungua mlango wa kufundishwa kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, kwa fedha za serikali katika vyuo vikuu vya nchi hiyo. Tangu hapo wanafunzi wengi wamekuwa wakija Afrika Mashariki kusoma kwa muhula mmoja. Kwa upande wa Unguja, mahali pao mashuhuri palikuwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni (TAKILUKI), ambayo baadaye iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Baadhi yao hukaa katika nyumba za wenyeji.

Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa nini mwanafunzi aliyefaulu vizuri darasani huweza kukwama katika wiki zake za mwanzo nyumbani kwa mwenyeji. Hoja kuu ni kwamba kukwama huko hutokana na adabu ya mazungumzo zaidi kuliko sarufi.

2.0 Matayarisho na Upungufu Wake

Chomsky (1965) alitenganisha umilisi wa lugha na utendi wake. Hymes (1972) aliipanua dhana ya umilisi kwa kueleza kwamba msemaji hahitaji kujua sentensi sahihi tu; sharti ajue pia nani husema nini, kwa nani, wakati gani na kwa namna gani. Huu ndio umilisi wa mawasiliano.

Taasisi inayowafunza lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba Kiswahili huhitaji wiki 36 hivi, yaani zaidi ya saa 800 za darasani. Mwanafunzi wa chuo aliyesoma kwa miaka miwili, mihula 4 ya wiki 15, saa 5 kwa wiki, huwa amepata saa 300 tu. Si ajabu basi kwamba sehemu kubwa ya muda huo humalizikia katika ngeli, upatanisho na unyambuaji. Mambo ya pasi, viza na dawa za malaria hutengewa mkutano wa pekee kabla ya safari. Namna ya kuingia nyumba ya watu, mara nyingi, huachwa ijifunze yenyewe.

3.0 Wiki za Mwanzo

3.1 Maamkizi

Somo la kwanza la vitabu vingi ni Hujambo na Sijambo. Mwanafunzi humwamkia bibi wa nyumba kwa neno hilo, naye hajakosea kisarufi. Hata hivyo, mdogo ndiye atarajiwaye kuanza kwa Shikamoo, na mkubwa kuitika Marahaba. Hujambo hufuata, tena hutoka kwa mkubwa. Kadhalika, aulizwapo habari naye anaumwa, mwanafunzi hujibu Mbaya. Mwenyeji angesema: Nzuri, ila kichwa kinanigonga. Jibu la kwanza hutimiza wajibu wa salamu. Habari yenyewe hufuata baadaye.

3.2 Maombi na Majibu

Vitabu hufundisha tafadhali kuwa alama ya heshima. Mwanafunzi husema Nataka chai, tafadhali, akidhani amesema kwa upole. Katika usemi wa kila siku heshima hubebwa zaidi na kitenzi omba, na hali ya dhamiri tegemezi, na jina la udugu: Naomba chai, mama, au, Dada, unisaidie sahani. Kumwita mwenye nyumba kwa jina lake tupu, pasipo Bi au Mama Fulani, humfanya kijana aonekane hakulelewa.

Neno pole nalo huleta utata. Mwanafunzi aliyejikwaa au aliyebeba mzigo huambiwa Pole, naye, akilichukua neno hilo kuwa ombi la msamaha, hujibu Si kosa lako. Aulizwapo Umeolewa? hujibu Hapana, ilhali jibu la ada ni Bado, ambalo haliufungi mlango wa heri.

3.3 Saa na Hodi

Saa za mchana za Waswahili huhesabiwa tangu mapambazuko. Aambiwaye somo ni saa 2 asubuhi, akitazama saa yake yenye kusoma 8, asipofanya hesabu ya tofauti ya saa 6 atalikosa. Hodi nayo ina kanuni yake: hupigwa mara tatu, na mgeni asipojibiwa huondoka. Kuingia kabla ya Karibu ni kosa kubwa mahali ambapo uwanja wa ndani ni sitara ya wanawake wa nyumba.

4.0 Sifa Kuwa Kikwazo

Makosa ya ngeli husahihishwa hata na watoto, kwa kicheko. Makosa ya adabu hunyamaziwa, kwa kuwa kumsahihisha mgeni ni kumwaibisha. Badala yake husifiwa: Unajua Kiswahili sana! Sifa hiyo humfanya aamini kwamba amefika. Tena, kadiri matamshi yake yawavyo mazuri, ndivyo udhuru wa ugeni unavyopungua: asemaye kwa kubabaika husamehewa, asemaye kwa ufasaha huhukumiwa kama mwenyeji. Hapo ndipo mwanafunzi bora hujikuta amepoa barazani asijue sababu, akarudi kwa wenzake na kwa Kiingereza. Hali ya namna hiyo hufanana na ile aliyoieleza Oberg (1960) kuwa ni awamu ya pili ya mshtuko wa utamaduni, ambapo furaha ya kuwasili hugeuka kuwa dhiki.

5.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba sarufi peke yake haimfikishi mwanafunzi barazani. Yafaa walimu wa kabla ya safari wafundishe salamu, maombi na majibu kwa kufuata umri na uhusiano wa wasemaji, na familia ziombwe waziwazi kuwasahihisha wageni wao katika wiki ya kwanza, kabla ukimya haujawa mazoea. Mgeni aliyepewa ruhusa ya kukosolewa huwa ameacha kuwa mgeni. Muhula ni mfupi. Wiki zipoteazo katika kutoelewana hazirudi.