Mchoro, Mto na Daftari la Hesabu: Usanifu Shirikishi Mtaani Kibera

Usanifu shirikishi wa miji ni utaratibu ambao wakazi wa eneo linalokusudiwa kujengwa hushirikiana na wasanifu tangu hatua ya kuchagua tatizo la kushughulikiwa hadi ile ya kuendesha kilichojengwa, nao hautakiwi kuchanganywa na desturi ya kuwaita wananchi barazani ili waonyeshwe mchoro uliokwisha kukamilika na kuulizwa kama wana maoni. Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani, Sherry Arnstein, aliufananisha ushiriki wa wananchi na ngazi yenye vidato vinane, ambayo chini kabisa watu huhadaiwa tu, katikati hupewa habari na kuombwa ushauri usiomfunga yeyote, na juu hushika madaraka wao wenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 10, inautaja ushiriki wa watu miongoni mwa maadili ya taifa, lakini haisemi ni kidato kipi kinachotosha, na pengine ndiyo sababu ofisi nyingi huridhika na orodha ya mahudhurio iliyotiwa sahihi.

Kazi ya shirika la usanifu la Kounkuey Design Initiative, lililoanzishwa mwaka 2006 na wanafunzi sita wa usanifu na mipango miji wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiwemo Chelina Odbert na Mkenya Arthur Adeya, inafaa kuchunguzwa kwa sababu ilianza kwa suala lisilovutia sana wasanifu vijana, yaani nani atakayekitunza kitu baada ya mafundi kuondoka. Mahali walipolijaribia suala hilo ni Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi ulioanza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la kikoloni, ambao waliruhusiwa kukaa bila kupewa hati za ardhi. Hati ya jumuiya, ya ekari 288, walikuja kuipata mwaka 2017. Nje ya eneo hilo, wakazi wengi wa Kibera ni wapangaji, na hata wenye majengo wanaowatoza kodi hawana hati ya ardhi ambayo majengo hayo yamesimama juu yake. Kwa miaka mingi ilidaiwa kuwa mtaa huo una watu milioni moja, mpaka sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu 170,070. Tofauti hiyo inaonyesha jinsi mji unavyoweza kupangiwa mambo na watu wasiojua hata idadi ya wanaowapangia.

Chumba cha kawaida cha mtaani humo ni cha futi 10 kwa 10, kikiwa cha kulala, cha kupikia na cha kupokea wageni kwa pamoja, hivyo kufua, kucheza, kufanya biashara na kukutana hufanyika nje. Ardhi iliyobaki wazi, hata hivyo, ni ile isiyojengeka, hasa kingo za Mto Ngong na vijito vyake, ambako taka hutupwa na maji hufurika msimu wa mvua kabla ya kuingia Bwawa la Nairobi. Mradi wa kwanza wa Kounkuey uliwekwa kando ya maji hayo, mahali palipokuwa jaa. Ukingo uliimarishwa kwa gabioni, yaani makasha ya waya yaliyojazwa mawe, ambayo huuzuia udongo usimomonyoke huku yakiyaacha maji yapenye, na juu yake pakawekwa banda la mikutano, uwanja wa watoto na shughuli za kujipatia kipato kama vile kutengeneza mboji. Shirika huita mpango wa aina hiyo eneo la umma lenye tija, kwa maana kwamba mahali pamoja hutatua tatizo la mazingira, hutoa nafasi ya kukutania na huzalisha fedha za kujiendesha.

Ugumu wa kwanza katika kazi ya namna hii uko kwenye mchoro wenyewe. Mchoro wa msanifu hutumia skeli, ambapo sentimita moja ya karatasi husimamia mita kadhaa za ardhi, na asiyefunzwa kuusoma huweza kuukubali kwa adabu bila kujua ameridhia nini. Kielelezo cha mbao au maboksi kinachoweza kupanguliwa kwa mikono, au kamba na vigingi vinavyoonyesha pale pale chini ukuta utapita wapi, humwezesha mkazi kupinga, na mradi usiowahi kupingwa na mtu yeyote hauna budi kutiliwa shaka. Ugumu wa pili ni muda. Kibarua anayelipwa kwa siku hupoteza ujira akihudhuria kikao cha mchana, na mama anayesubiri maji hawezi kuiacha mitungi yake kwenye foleni, hivyo kikao kisichopangwa kwa kuwajali hao hujaa wenye majengo na wasio na kazi, kisha uamuzi wao huitwa uamuzi wa jamii.

Kwa sababu hiyo, kitu muhimu zaidi ambacho Kounkuey imesaidia kubuni huenda si banda wala daraja, bali ni taratibu za kikundi. Katika miradi iliyofuata, vikundi vya mtaani vilialikwa kuleta mapendekezo ya maeneo na ya matumizi yake, na kikundi kilichochaguliwa ndicho kilichokuja kukabidhiwa uendeshaji. Kibanda cha maji, vyoo vya kulipia na ukumbi wa kukodisha huingiza fedha kidogo kidogo, na fedha hizo zinahitaji katiba ya kikundi, mweka hazina, akaunti ya benki na daftari ambalo mwanachama yeyote anaweza kulidai. Hapo ndipo ngazi ya Arnstein inapopata maana ya vitendo, kwa kuwa kikundi kinachoweza kupanga bei ya mtungi wa lita 20 na kumfukuza mhasibu mwizi kimefika juu kuliko kile kilichochagua rangi ya mabati.

Hata hivyo, maeneo machache hayawezi kuuzuia mto. Gabioni huokoa ukingo ulipo, lakini maji yanayotoka juu, yakiwa yamezidishwa na lami na mapaa, huja na nguvu zake, na ndiyo maana shirika lilipanua kazi kutoka eneo moja hadi mtandao wa maeneo kandokando ya mkondo. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, serikali iliwaamuru waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka mitoni kuhama, na nyumba zikabomolewa katika mitaa mingine ya mabanda ya Nairobi, Mathare na Mukuru. Uwanja wa umma kwenye ukanda huo unaweza kutetewa kuliko nyumba, kwa kuwa hakuna anayelala humo, ila hautoi jibu kuhusu aliyekuwa akilala humo ahamie wapi.

Jibu la suala hilo, kwa kiwango cha mtaa mzima, limetafutwa Mukuru, ambako Kaunti ya Nairobi ilitangaza eneo maalumu la mipango mwezi Agosti 2017, hatua inayosimamisha uendelezaji wakati mpango unapoandaliwa. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na washirika wake waliwaunganisha wakazi kuanzia makundi ya kaya 10, kila kundi likiwa na mwakilishi wake, na kutoka hapo wakajenga ngazi za uwakilishi kwa kaya zipatazo 100,000, ili upana wa barabara, ambao huamua ni chumba cha nani kitakachobomolewa, ujadiliwe kwanza na watu wa kaya kumi wanaojuana kwa majina.