Kromu na Chumvi ya Mafia

Rimu ya kromu ikianza kufura na kubanduka, anayelaumiwa kwanza ni kromu yenyewe: feki hiyo, nyepesi hiyo. Mara nyingi lawama hiyo haina haki. Kromu ni metali ngumu mno na haishiki kutu kirahisi. Okota gamba lililobanduka, uone jinsi upande wake wa juu bado unavyong'aa. Kilichooza ni kilichokuwa chini yake. Na katika kisiwa kama Mafia, chenye urefu wa kilomita 50 hivi na upana wa 15, ambako upepo wowote, uwe wa kusi au wa kaskazi, unatoka baharini, mnunuzi wa rimu hana budi kujua huko chini kuna nini.

Wapo wanaodhani rimu hizo huchovywa katika kromu iliyoyeyushwa. Sivyo. Rimu ya alumini hung'arishwa kwanza mpaka iwe laini, kisha huning'inizwa ndani ya mabeseni makubwa ya maji ya kemikali na kupitishiwa umeme, nao umeme ndio unaoitoa metali majini na kuigandisha juu ya rimu. Kwa kawaida hutangulia shaba, ikafuata nikeli, na kromu huja mwisho, kwa dakika chache tu. Unene wa kromu hiyo ni nusu ya maikroni au pungufu, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Nikeli iliyo chini yake huwa nene mara makumi, hata maikroni 20 na zaidi kwenye kazi nzuri. Kwa hiyo ule mng'ao wa kioo tunaousifia ni wa nikeli zaidi. Kromu huutia ubuluu kidogo na kuuzuia usifubae.

Tabaka jembamba kiasi hicho halikosi vitundu na nyufa zisizoonekana kwa macho, na hapo ndipo chumvi inapopata mlango. Chembe ya chumvi huanza kunyonya maji ya hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi, kiwango ambacho usiku wa pwani hukipita mara kwa mara. Rimu huloa bila tone la mvua. Maji hayo yakipenya mpaka kwenye alumini, alumini na metali zilizo juu yake hugeuka betri, na kati yao alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaotoka kwenye vipele vya rimu ni mabaki yake. Viwanda makini huweka nikeli za aina mbili, moja juu ya nyingine, ili ulaji utambae kando badala ya kuchimba kwenda chini. Viwanda vya bei rahisi hupunguza nikeli hiyo hiyo, kwa sababu dukani haionekani.

Mtu atauliza: mbona vyuma vya kushikia kwenye boti hung'aa baharini miaka na miaka? Hivyo kwa kawaida ni stenlesi. Humo kromu, asilimia 10.5 au zaidi, imechanganywa ndani ya chuma chenyewe, na chuma kikichunwa, oksijeni ya hewani hukijengea utando mwingine. Rimu iliyopakwa haina uwezo huo.

Wengine watasema hata rimu ya rangi hubanduka. Ni kweli, lakini fundi mwenye msasa na kompresa anaweza kuipiga rangi upya. Kuirudishia kromu ni kazi ya kiwanda, na beseni la kromu la aina iliyozoeleka lina kemikali inayosababisha kansa ya mapafu. Jimbo la California liliamua mwaka 2023 kuipiga marufuku kwa kazi za mapambo kuanzia 2027. Kwa kisiwa ambacho sehemu ya maji yake imekuwa hifadhi ya bahari tangu 1995, sioni uchochoro wa kumwaga masalia ya kazi hiyo.

Kuosha kwa maji baridi na sabuni laini kunasaidia sana, mradi isiwe kwa tindikali wala waya wa kusugulia masufuria. Ila maji ya kuoshea hayafiki pale tairi linapokalia rimu. Ndiyo maana rimu ya mtumba unaigeuza nyuma kwanza, ukatazama matundu ya nati na ukingo wa tairi, hasa ikiwa imetoka Japani, ambako barabara za mikoa yenye theluji humwagiwa chumvi. Kromu ikifura ukingoni, upepo huvuja kidogo kidogo, na mwenye gari hurudi kujaza kila baada ya siku chache akitafuta pancha asiyoiona. Fundi akilitoa tairi, hukwangua magamba yote mpaka alumini tupu ndipo tairi lishike vizuri. Na mahali hapo, palipohitaji kinga kuliko uso, kromu haipo tena.